Jasho la Julai

Saa nane usiku, Hombolo. Upepo
umeshuka vilimani bila viatu,
unapapasa paa la tembe, unatafuta ufa.
Mimi nimelala nusu. Tangu mwaka juzi
sijalala usingizi mzima.

Naingiza mkono chini ya blanketi,
nagusa shingo ya Nyemo.
Imelowa.

Julai hii, ambayo mbwa wa kwa Mbeleje
wanagombea majivu ya jiko,
mtoto anatoka jasho?

Kutetemeka peke yake nisingekuogopa.
Mwili ukipoa hujiwashia moto wenyewe:
misuli inasuguana kama vijiti,
ngozi inafunga matundu yake
kama mwenye duka aliyeona vumbi linakuja.
Ukizidiwa na joto unafungua, unajimwagia maji.
Hayo ni mambo ya mwili na nafsi yake,
hayaitishiwi kikao.
Lakini jasho na baridi havilali kitanda kimoja
ila sukari imeshuka.

Nesi Fausta alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki:
hili kongosho, hili ini.
Damu ikizidi utamu, kongosho linatuma mjumbe,
fungueni milango, wageni waingie.
Utamu ukipungua, anatoka mjumbe wa pili,
anagonga kwa ini: toa akiba.
Ini linatoa. Kongosho linapima tena.
"Ikizidi, punguza; ikipungua, ongeza;
ikitosha, nyamaza.
Na hiyo ya kunyamaza, mama Nyemo, ndiyo ngumu."
Kisha akaukata mshale mmoja kwa kalamu nyekundu.
Kwa huyu mtoto, mjumbe haondoki.

Basi nikaajiriwa mimi.
Bila barua, bila likizo.
Mimi wa darasa la saba, mwenye mikono ya kupogolea mizabibu,
nimekuwa kiungo cha mwanangu kinachoishi nje ya ngozi yake.

Tochi ya simu. Kidole cha pete, pembeni, si katikati.
Tone.
Kipimo kinawaza sekunde tano,
nami sipumui hata moja.
Mbili nukta tisa.

Sukari vijiko viwili, maji, kikombe cha bati.
"Kunywa."
"Sitaki, nina usingizi."
"Kunywa, utalala nayo."
Anakunywa huku ananichukia,
na huko kuchukia, nesi alisema, nako ni dalili.

Shambani zabibu bado chachu.
Mwezi ujao zitajaa utamu, wanunuzi watazisifia,
nami nitazitazama kwa jicho la askari getini.

Sasa robo saa ya kungoja.
Hapa ndipo mkono unapowasha: niongeze kijiko?
Mwezi wa tatu niliongeza, kwa woga.
Alfajiri ikapanda hadi kumi na tisa. Nikachoma dawa nyingi.
Mchana ikaanguka. Nikaongeza tena.
Siku nzima mtoto alikuwa kwenye bembea
na aliyekuwa anasukuma ni mimi.

Najishika. Naangalia kona
dawa inapokaa, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa,
mchanga mbichi katikati.
Chungu nacho kinatoa jasho;
kinapoteza maji ili kitunze ubaridi.
Hakuna aliyekipeleka kliniki.

Na ndani yangu, saa hii hii,
kongosho langu linapima, linatuma, linanyamaza.
Miaka thelathini na nne.
Sijawahi hata kulisalimu.

Kidole kingine. Tone.
Nne nukta nane.

Shingo imekauka.
Kisha, polepole, anaanza kutetemeka.
Baridi tu. Baridi ya watu wote,
ile anayoijua mwenyewe namna ya kuijibu.
Namvutia blanketi hadi masikioni.
Nanyamaza.